Kabla ya mahindi, muhogo na pilipili: jiko la pwani ya kale na yasemwayo juu yake

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier nchini Moroko, alishuka Mogadishu, akakaribishwa kwa majani ya tambuu na popoo, kisha akaletewa chakula ambacho hakukisahau. Ulikuwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mtindi yaliyoandamana na achari ya malimau, tangawizi mbichi, maembe, na vichala vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi. Aliandika kwamba mtu mmoja wa mji ule hula kiasi ambacho kingewatosha wageni kadhaa. Maelezo haya hunukuliwa kila pwani ya Afrika Mashariki inapozungumzwa, na mara nyingi huwekwa kuwa ushahidi wa jambo ambalo hayalithibitishi, yaani kwamba hivyo ndivyo watu wote wa pwani walivyokuwa wakila, na kwamba meza ile iliingia nchini pamoja na majahazi.

Kuna hadithi mbili ambazo watu wetu huzisimulia juu ya maisha ya pwani ya kale, na kila moja ina wafuasi wake. Ya kwanza inasema kwamba kabla ya wageni kutoka Uajemi na Bara Arabu pwani ilikuwa na vijiji vya wavuvi tu, nao wageni hao ndio waliojenga miji, wakaleta dini, mavazi na mapishi. Ya pili ni jibu la hasira kwa ile ya kwanza, nayo inadai kwamba vyakula tunavyoviita vya asili, kuanzia ugali mweupe hadi muhogo wa nazi, ni vilevile walivyokula mababu tangu zama zisizojulikana. Hadithi hizi zinapingana, lakini kosa lao ni moja: zote mbili zinamfanya mpishi wa pwani kuwa mtu asiyechagua, ambaye ama alipokea kila alicholetewa ama hakubadilisha chochote. Ushahidi uliopo unaonyesha mtu wa namna nyingine kabisa.

Tuanze na hadithi ya pili, kwa sababu kuipima hakuhitaji zaidi ya kalenda. Mimea iliyotoka bara la Amerika haikuwahi kuvuka bahari kufika kwetu kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na mingi ilifika pwani yetu kwa mikono ya Wareno katika karne zilizofuata. Basi mtu akitaka kujua sultani wa Kilwa alikula nini mwaka 1331, na aondoe kwanza mahindi, muhogo, viazi vitamu, mbatata, maharage, karanga, nyanya, maboga, mapapai, mananasi, mapera na korosho. Aondoe pia pilipili kali za kila namna, kwa kuwa nazo ni za Amerika. Pilipili iliyomo katika maelezo ya Ibn Battuta haikuwa hii tuisagayo na kuikamulia ndimu, bali ya jamii ya pilipili manga, iliyotoka India na kuhifadhiwa ingali mbichi katika vichala vyake. Tumbaku nayo haikuwapo. Mtu anayetafuna tambuu leo kwa kutia tumbaku anaunganisha kinywani mwake desturi ya Bahari ya Hindi ya kale na mmea ulioletwa na mabaharia wa baadaye.

Orodha hiyo ikishaondolewa, kinachobaki si kidogo. Zinabaki nafaka za Kiafrika, yaani mtama, uwele na wimbi, pamoja na kunde, njugu mawe, ukwaju na ubuyu. Inabaki pia mimea iliyokuja zamani kutoka upande wa mashariki wa bahari, nayo ni minazi, migomba, mipunga, miwa, choroko, na baadaye malimau na machungwa. Wapo samaki, kasa, mbuzi, kondoo, ng'ombe na kuku, na kuku mwenyewe ni mgeni wa Asia aliyekwisha kuzoeleka pwani zamani. Iko asali, na asali ya nchi hii ilitajwa mapema: al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad ambaye safari yake ya mwisho katika bahari hii ilikuwa mwaka 916, aliandika kwamba watu wa Zanj, yaani wa pwani hii ya Afrika Mashariki, hula mtama, mzizi unaochimbwa ardhini, asali na nyama, na kwamba visiwani minazi ni mingi. Katika orodha yake ya vyakula vyao vikuu hakuutaja wali.

Hapo ndipo hadithi ya kwanza inapoanza kuyumba. Kwa muda mrefu wachimbaji wa magofu walijali zaidi kuta, sarafu na vigae vya nje. James Kirkman alipochimba Gedi kuanzia mwaka 1948, na Neville Chittick alipochimba Kilwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, walitueleza mengi kuhusu misikiti, majumba na biashara, lakini nafaka hazionekani kwa macho ya mtu anayetafuta mawe. Njia iliyobadilisha mambo ni nyepesi kuieleza. Udongo uliotoka jikoni au jalalani hutiwa katika chombo cha maji na kukorogwa taratibu. Mchanga na mawe huzama, na punje zilizoungua miaka elfu moja iliyopita huelea juu kama chembe za makaa, zikachotwa kwa kichujio cha nguo, zikaanikwa kivulini na kutazamwa kwa hadubini. Punje ya mpunga huonyesha mistari ya urefu iliyoachwa na ganda lake. Punje ya uwele ni ndogo, ncha moja nene na nyingine nyembamba. Kinachodumu ni kile kilichomponyoka mpishi kikaanguka motoni bila kuteketea kabisa, na ndiyo maana ushahidi huu una thamani ya pekee, kwa kuwa hakuna aliyeuweka makusudi ili asifiwe.

Kazi ya namna hiyo ilifanywa kisiwani Pemba na mwanaakiolojia Sarah Walshaw, katika miji miwili iliyofuatana ya Tumbe na Chwaka. Tumbe, iliyokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, ilitoa uwele zaidi ya nafaka nyingine. Chwaka, iliyostawi kuanzia karne ya 11, ilitoa mpunga kwa wingi. Ukiyatazama majibu haya haraka utasema kwamba hapo ndipo wageni walipoingia na wali wao. Lakini mpunga ulikwisha kujulikana Tumbe. Watu wa Pemba waliuona, wakaulima kidogo, na wakaendelea na uwele wao kwa karne kadhaa kabla ya kuupa mpunga nafasi ya kwanza. Mmea uliopo shambani kwa vizazi vingi hauwezi kuitwa mgeni aliyevamia jiko siku moja. Mabadiliko yalipokuja yalikuja kwa sababu zilizozaliwa hapohapo.

Ni sababu gani hizo? Pemba ina mvua na mabonde yanayofaa mpunga, lakini mvua na mabonde hayo yalikuwapo pia wakati wa uwele, kwa hiyo hali ya nchi peke yake haitoshi kuwa jibu. Jeffrey Fleisher, ambaye naye amechimba Pemba, amelitazama suala hili kwa upande wa karamu, na mimi naona hoja yake ina nguvu kuliko nyingine nilizokutana nazo. Vyungu vya kienyeji vya karne za mwanzo ni vya kupikia na kuhifadhia. Katika karne zilizofuata bakuli na vyombo vya kupakulia vinaongezeka, vya kienyeji na vya kutoka nje pia. Miji ilikuwa inakua, misikiti ya mawe inajengwa, na wakubwa wa mji wanashindania heshima kwa kuwalisha watu. Mpunga unadai kazi kubwa, kutoka kuulinda na ndege hadi kuutwanga na kuupepeta, na kwa ajili hiyohiyo unamheshimisha anayeuandaa. Uwele ulikuwa chakula cha kushiba, wali ukawa chakula cha kukirimu. Hata leo, katika nyumba nyingi za pwani, mgeni wa heshima hapikiwi uji wa mtama.

Kuna ulinganisho mwingine unaoifunga hoja. Mwaka 2016 kundi la watafiti likiongozwa na Alison Crowther lilichapisha matokeo ya mabaki ya mimea kutoka pwani ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska. Katika Komoro na Madagaska, mazao ya Asia kama mpunga na choroko ndiyo yaliyotangulia kutawala. Katika pwani ya bara na visiwa vilivyo karibu nayo, mazao ya Kiafrika ndiyo yaliyokuwa mengi katika kipindi hichohicho. Madagaska walifika kweli watu waliovuka bahari na kuhamia na mbegu zao, na hata lugha yao ni shahidi. Kama miji ya pwani yetu nayo ingekuwa makoloni yaliyopandikizwa na watu wa ng'ambo, tungetarajia jiko lao la mwanzo lifanane na asili yao. Halifanani. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti midogo ya miti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine tangu karne ya 8, na kuuzunguka mji huo vyungu vya kienyeji vya ukoo uleule vikiendelea kizazi hata kizazi. Dini ilipokelewa, ujenzi ukabadilika, na chungu kilichokuwa juu ya mafiga kikabaki cha hapa.

Hata bahari, ambayo tunaidhania kuwa sehemu ya Mswahili tangu mwanzo, ina historia yake. Mifupa ya samaki kutoka miji ya karne za mwanzo ni zaidi ya samaki wa miambani na wa maji madogo, wale wanaonaswa kwa madema na nyavu karibu na ufuo; madema ya aina hiyo yametajwa hata katika mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1. Baada ya mwaka 1000 hivi ndipo papa na samaki wa bahari kuu wanapoongezeka, wakati uleule ambapo miji inakua na biashara ya mbali inapamba moto. Ukulima uliwalisha watu hawa kabla ya bahari kuu, na uliendelea kuwalisha hata baadaye. Ibn Battuta anasema wazi kuhusu Mombasa, alikolala usiku mmoja: watu wake hawalimi nafaka kisiwani, huletewa kutoka upande wa Sawahili, yaani pwani ya bara, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Sentensi hii fupi ina uzito kuliko chano cha Mogadishu. Huko Mogadishu mgeni wa kadhi na wa sheikh alilishwa karamu kwa siku tatu, na karamu ni shahidi wa siku ya sherehe. Mombasa aliona watu wakila chakula cha siku zote, na nyuma ya chakula hicho walikuwapo wakulima ambao majina yao hayakuingia katika tarikhi yoyote.

Huwezi kuzungumza chakula cha kale bila kukutana na hadithi ya viungo, hasa ile iliyotoka Ulaya na sasa inasemwa hata kwa Kiswahili, kwamba watu wa zamani walitia viungo vingi ili kuficha uvundo wa nyama iliyooza. Bei peke yake inaikataa. Katika Ulaya ya zama za kati pilipili manga na karafuu vilikuwa bidhaa za anasa zilizosafiri maelfu ya maili, na aliyemudu kuvinunua alimudu kuchinja mnyama mzima siku hiyohiyo. Tena nyama iliyoharibika humdhuru mlaji hata ikifunikwa kwa viungo gani, na watu wa zamani walijua hilo kama tunavyolijua sisi. Waliokuwa na haja ya kuhifadhi chakula walitumia chumvi, moshi, jua na siki. Al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake cha jiografia mwaka 1154, anawataja watu wa Malindi wakivua samaki, wakiwatia chumvi na kuwauza. Ng'onda ni biashara ya zamani kuliko majumba mengi ya mawe.

Karafuu zina mkanganyiko wao wa pekee. Vasco da Gama alipofika Mombasa mwezi wa Aprili mwaka 1498 alipelekewa kondoo, machungwa, malimau na miwa. Alipofika Malindi alipelekewa kondoo sita pamoja na karafuu, bizari, tangawizi, kungumanga na pilipili manga. Wapo wanaosoma orodha hii wakasema kwamba mikarafuu ilikuwapo hapa tangu enzi hizo. Karafuu za mwaka 1498, sawa na kungumanga, zilikuwa zimetoka visiwa vya Maluku, mbali mashariki, zikapita mikononi mwa wafanyabiashara wengi, na sultani wa Malindi alizitoa kwa sababu zilikuwa adimu na ghali. Mikarafuu yenyewe ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikasambaa Pemba, na ikakuzwa kwa jasho la watumwa chini ya utawala wa Sayyid Said. Anayemwonyesha mtalii shamba la viungo na kumwambia kwamba ni urithi wa miaka elfu anakifuta kizazi kizima cha watu waliopanda miti hiyo kwa kulazimishwa.

Suala la kazi ndilo ninaloliona muhimu kuliko yote, nalo ndilo linalorukwa zaidi. Ibn Battuta anamsifu sultani wa Kilwa, al-Hasan bin Sulaiman, kwa ukarimu na kwa kukaa kula na maskini, na katika ukurasa huohuo anaeleza jinsi fakiri kutoka Yemen alivyotunukiwa watumwa na pembe za ndovu, na jinsi sultani huyo alivyozoea kupigana na watu wa bara na kuchukua ngawira. Wali uliopakuliwa ulitwangwa na mtu. Nazi ilikunwa na mtu, maji yalitekwa kisimani na mtu, na katika nyumba za wakubwa mtu huyo mara nyingi alikuwa mwanamke asiye huru. Tukisifu meza ya pwani bila kumtaja, tutakuwa tumerudia kosa la waandishi wa kale waliokula wakashiba na hawakuuliza nani amepika.

Kuhusu wanawake tunao sasa ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mabaki ya watu 80, wengi wao wa miji ya pwani ya kati ya mwaka 1250 na 1800. Kwa wengi wao, nusu au zaidi ya asili yao ilitoka kwa Waafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na asili ya Asia ilitoka zaidi kwa wanaume wa Uajemi, kukiwa na mchango wa India. Kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Magazeti yaliyapokea matokeo haya kama ushindi wa simulizi ya Washirazi, ile inayosema kwamba waasisi wa miji ya pwani walitoka Shiraz huko Uajemi, na upande mmoja ni kweli kwamba simulizi ile haikuwa uzushi mtupu. Lakini ukiiweka habari hiyo mbele ya vyungu na nafaka, unapata picha iliyo kamili zaidi. Wanaume waliotoka ng'ambo walioa katika nyumba ambazo tayari zilikuwa na mafiga, kinu, mchi na mapishi yake. Watoto walizaliwa wakilishwa na mama na bibi wa hapa, katika lugha ya hapa. Mgeni aliweza kuleta mbegu, bakuli la kung'aa na hamu ya chakula cha kwao, ila aliyeamua kiingie nini chunguni hakuwa yeye peke yake.

Usafi nao una uzushi wake, ingawa huu haunichukui muda mrefu. Picha ya zama za kati kuwa zama za uchafu imeenezwa mno kutoka Ulaya, na hata huko watu wa mijini walikuwa na nyumba za kuogea za umma. Gedi ina visima, vyoo na sehemu za kutawadhia ndani ya nyumba za mawe, na Husuni Kubwa ya Kilwa ina birika la kuogea la pembe nane. Tusisahau tu kwamba hizo ni nyumba za wenye mali, na kwamba wengi waliishi katika nyumba za udongo na miti ambazo ndizo kwanza zinaanza kuchunguzwa kwa makini.

Turudi kwenye ugali, kwa kuwa ndiko kunakoamsha hisia. Kusema kwamba ugali wa mahindi meupe umetawala sehemu kubwa ya Afrika Mashariki katika karne ya 20 tu, chini ya ukoloni, mashamba ya walowezi na vinu vya kusaga vya biashara, si kumtukana mtu wala kumnyang'anya utamaduni wake. Ugali wenyewe, kama namna ya kusonga unga katika maji yanayochemka, ni wa kale, na ulisongwa kwa mtama, uwele na wimbi. Mkate wa mofa wa Zanzibar, ambao bado huokwa kwa unga wa mtama, uko karibu na pwani ya kale kuliko sahani yoyote ya biriani yenye mbatata na nyanya. Jambo la kusikitisha ni kwamba nafaka hizo sasa zinatazamwa katika maeneo mengi kuwa chakula cha dhiki, ilhali zilivumilia ukame ambao mahindi hayauvumilii.

Kwa hiyo ninawaomba walimu wa historia na waandishi wa vitabu vya shule waongeze sura moja: katika masomo ya Kilwa, Gedi na Pate, mahali panapoorodheshwa dhahabu ya Sofala, vyombo vya China na masultani, patajwe pia uwele wa Tumbe, mpunga wa Chwaka, ng'onda wa Malindi na nafaka iliyovushwa kwenda Mombasa. Na idara zinazosimamia mambo ya kale, kila zinapotoa kibali cha kuchimba au cha kujenga juu ya ardhi yenye mabaki, ziweke sharti la udongo wa jikoni na wa jalalani kupitishwa majini kabla haujamwagwa.